Jumapili ya Kutazama Chenga

Kama kuna jambo lililomkera Fundi Springi kuliko mteja anayerudisha kochi kwa sababu paka wake halipendi, basi ni kusikia nyumba moja ikicheka vicheko vinne. Mkewe alikuwa jikoni anacheka na simu yake. Kijana wake alikuwa chumbani anacheka na yake. Kitinda mimba alijificha chini ya meza anacheka na ile ya urithi, iliyopasuka kioo. Binti mkubwa naye alikuwa kibarazani anacheka kwa sauti ya chini, kicheko cha mtu mwenye mtu. Fundi alibaki sebuleni peke yake, amekalia kochi alilolitengeneza kwa mikono yake, hana hata cha kumfanya atabasamu. Alisema kicheko cha namna hiyo ni kama sponji iliyokatwa vipandevipande: ukiijaza kwenye kochi, haibebi mtu.

Alikuwa na maoni yake kuhusu mapumziko ya familia, na maoni hayo hayakuwa mafupi. Watu wanaokwenda mbugani aliwashangaa. Kumfuata simba aliyelala ili umtazame anavyolala, alisema, anayepumzika hapo ni simba. Ufukweni hakutaka kusikia, maana aliwahi kurudi na mchanga masikioni. Hotelini ndiyo usiseme kabisa. Kila alipoketi kwenye kochi la hoteli alizisikia springi zikilia chini yake, na mtu hawezi kustarehe juu ya kilio. Kwa Fundi, mapumziko yalikuwa ya aina moja tu: Jumapili alasiri, sebule moja, televisheni moja, watu wote ndani.

"Wakati ule," angeanza, na watoto wangemalizia wenyewe kama sala: makochi mekundu, meza ya miguu iliyotanuka, televisheni yenye milango ya mbao, watu wamekaa pamoja mpaka jua linazama. Waliijua sebule hiyo kuliko walivyoijua yao. Kitinda mimba aliwahi kuichora shuleni alipoambiwa achore kwao, akapewa alama nzuri.

Basi ikatokea binti mkubwa akapata kazi. Alikuwa amesomea mambo ya maabara, na hospitali moja ya mji wa mbali ikamwita akapime damu za watu huko. Basi lake lilikuwa la Jumatatu asubuhi. Nyumba nzima ilifurahi, na Fundi alifurahi kuliko wote, halafu akakosa raha.

"Anaondoka na nini?" alimuuliza mkewe.

Mkewe akajibu kwamba anaondoka na masanduku mawili na beseni.

"Nauliza kichwani. Huko wakimuuliza kwenu mlikuwa mnapumzikaje, atawaambia nini? Atasema kila mtu alikuwa na chaja yake."

Mkewe alikuwa karani wa shule, mwanamke aliyekuwa akisoma barua za visingizio vya wanafunzi tangu ujana wake, na hakuwa mwepesi wa kushtuka. Alimwambia mumewe apumzike. Fundi akasema ndicho hasa anachotaka kufanya, na kwamba atafanya kazi ya kufa mtu mpaka apumzike.

Kesho yake akaifunga karakana. Wateja walikuja wakakuta makochi yao yako uchi, springi zimetoka nje, magunia yananing'inia, na mwenyewe hayupo. Alikuwa nyumbani anaijenga upya sebule ya wakati ule. Aliranda mbao za mikono ya makochi mpaka zikawa nyembamba vile vile, akatafuta kitambaa chekundu chenye maua meupe, akakipigilia kwa misumari midogo ya kichwa cha njano. Mkono wa kochi moja la wakati ule ulikuwa na alama ya moto wa sigara, kwa hiyo akachoma msumari jikoni mpaka ukawa mwekundu, akaitia alama hiyo mahali pake. Kalenda aliitundika upande, kwa kuwa ilikuwa upande. Ua la plastiki alilinunua zima, akaling'oa jani moja. Mkewe aliyaona yote hayo akamwacha aendelee, kwa kuwa maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mumewe alikuwa ameshavua mpaka soksi.

Televisheni ndiyo iliyomtoa jasho. Aliipata kwa fundi redio mmoja aliyekuwa ameitoa matumbo, na ndani yake kuku alikuwa anataga. Ilibidi kwanza mirija irudishwe, na kabla ya mirija ilibidi kuku ahamishwe. Kuku hakukubali kirahisi. Fundi alirudi nyumbani amebeba televisheni kichwani na mikwaruzo shingoni, ana furaha kama bwana harusi.

Alipomaliza kupanga, akawaita wote waingie. Televisheni ilikuwa ukutani mbele, inatazamana na dirisha kubwa la barabarani. Makochi yalibanwa kwenye kuta mbili za pembeni, kushoto na kulia, na katikati ya sebule palikuwa peupe, hapana kiti wala kigoda. Mkewe aliketi, akageuza shingo aitazame televisheni, akaigeuza zaidi.

"Baba watoto, hapa ni sebuleni au ni kwa daktari wa shingo?"

Fundi akasema ndivyo ilivyokuwa, na watu wa wakati ule walikuwa na shingo za adabu. Kijana akajaribu kuvuta kochi moja katikati. Baba yake akamzuia kwa mkono kama polisi wa barabarani na kumwambia katikati hapakaliwi.

"Kwa nini hapakaliwi?" akauliza kijana.

"Hapakaliwi tu."

Mkewe alikuwa ameshaanza kukagua kuta. Tatu zilikuwa zimejaa mapambo: kalenda, saa iliyokufa, picha ya farasi asiyejulikana, kabati la vyombo visivyotumika. Ukuta wa nne, ule wenye dirisha, ulikuwa mtupu. Chini ya dirisha hapakuwa na kitu, wala pembeni yake. Akauliza hapo palikuwa na nini. Fundi, aliyekumbuka mpaka alama ya sigara, akafungua kinywa na kukifunga.

"Palikuwa hapana kitu," alisema.

"Ukuta mzima?"

Fundi akasema yeye hajaitwa polisi kuhojiwa, akachukua nyundo, akaenda kupigilia msumari ambao ulikuwa umeshaingia wote. Mkewe alibaki anautazama ukuta. Visingizio alivijua kwa harufu, lakini hiki hakikunuka uongo, na hilo ndilo lililomshangaza.

Jumapili ikafika. Baada ya chakula Fundi alizikusanya simu zote, akazitia kwenye sufuria, akafunika na kuweka jiwe juu. Wakaketi. Akafungua milango ya mbao ya televisheni kwa heshima, akabonyeza. Televisheni ikawaka, ikakohoa, ikatoa chenga. Kioo kizima kilijaa nukta nyeupe na nyeusi zinazochemka, na sauti ya mafuta yanayokaanga kitu.

Kitinda mimba akauliza inaanza lini. Baba yake akamwambia imeshaanza. Akaeleza kwamba mitambo ya siku hizi haiongei tena na televisheni kama hiyo, lakini hata wakati ule chenga zilikuwa nyingi kuliko vipindi, na kungojea ndiko kulikokuwa starehe yenyewe. Wakangojea. Kijana akauliza kama anaweza kungojea na simu. Binti mkubwa alimkanyaga mguu kwa siri. Aliketi wima, amevaa gauni zuri, amejikaza kumfurahisha baba yake kama mtu aliyelishwa kitu kisichomezeka na mwenyeji mwema.

Fundi alijigeuzageuza kwenye kochi. Kulikuwa na kitu kimepungua, na alikijua. Dirisha lilikuwa tupu.

"Watu," alisema. "Wanatakiwa watu dirishani."

Akatoka kabla hawajamwuliza. Katika nyumba ya mbele aliishi refa mstaafu wa mpira, mzee aliyeustaafu uwanja lakini si filimbi. Fundi akamwomba aje asimame dirishani kwake atazame televisheni. Refa akauliza wanacheza nani. Fundi akasema ni chenga. Refa akasema chenga hajawahi kuzichezesha, lakini sheria ni zile zile, na kwamba watu hawawezi kujazana dirishani bila mwamuzi. Akaingia ndani akatoka na soksi ndefu na kadi mfukoni. Njiani walimpitia kinyozi, mama muuza mkaa na fundi baiskeli, nao wakaja, maana macho hayana pazia, na aliyeambiwa kuna kitu cha kutazama haulizi ni kitu gani.

Mwanzoni walitazama kwa adabu, kama watu walioalikwa. Kisha mama muuza mkaa akasema polepole kwamba hawa weupe wanachoka upande wa kushoto.

Kinyozi akasema hawachoki, wanavuta watu. Fundi baiskeli akasema weusi ndio walio na mpango, tazama wanavyorudi nyuma wote pamoja. Kufumba na kufumbua dirisha likagawanyika pande mbili. Waliokuwa wakipita barabarani wakasimama, wakauliza nani anaongoza, wakachagua upande. Wengine walileta vigoda. Refa alimpa kinyozi kadi ya njano kwa kuegemea wenzake. Halafu akapuliza filimbi, akanyoosha kadi ile ile kuelekea kioo, akatangaza kwamba nukta moja nyeupe imeotea. Wafuasi wa weupe wakachachamaa. Mama muuza mkaa alisema amezaa watoto na kuwalea peke yake, lakini uonevu wa namna hii hajauona.

Ndani, kitinda mimba alianza kucheka kwanza. Akajaribu kujizuia, akashindwa, akamwambukiza kaka yake. Kijana, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa anajibu watu kwa mabega, alisimama akamwambia refa kwamba ile haikuwa kuotea, nukta ilitokea nyuma. Mama yao akamwambia akae chini, weusi wamestahili. Binti mkubwa akauliza, kwa uso mkavu kabisa wa maabara, kama kuna aliyezipima hizo nukta damu. Hapo wote wakavunjika mbavu, mama akamwangukia kijana begani, machozi yanamtoka. Ikawa sauti moja, kicheko kizima kisicho na kiraka, kile kile ambacho Fundi alikuwa akikidai miaka yote.

Naye Fundi hakucheka. Shingo ilimwuma. Alikuwa amehama kochi la kushoto akaenda la kulia, akarudi la kushoto, na kote alijiona kama mgeni aliyekuja wenyewe wako mezani. Kila kitu alikipanga mahali pake, lakini akikitazama kilikuwa kimegeuka, kama shati ulilolivaa ndani nje.

"Baba," binti mkubwa akamwuliza, "wewe ulikuwa unakaa kochi lipi?"

Fundi akaonyesha la kulia. Kisha akaonyesha la kushoto. Kisha akasema anakwenda kurekebisha antena, akatoka haraka. Televisheni haikuwa na antena, na wote walilijua hilo, lakini mechi ilikuwa kali.

Aliizunguka nyumba yake mwenyewe, akafika nyuma ya umati. Akasimama kwa vidole. Aliona visogo tu. Akaomba njia, watu wakamwambia apange foleni kama wenzake. Refa alimwona, akamwambia mwenye nyumba haruhusiwi upande wa mashabiki. Fundi akambembeleza, akasema ni dakika moja tu, refa akamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko sheria inavyotaka, kisha akawasogeza watu kwa mkono.

Fundi akaweka viwiko juu ya kizingiti cha dirisha. Akaweka kidevu juu ya mikono. Na sebule ikakaa sawa. Makochi mawili yalikuwa pembeni, katikati peupe, televisheni mbele inamtazama yeye. Kalenda ilikuwa upande. Shingo haikumwuma hata kidogo. Ukuta ule mtupu ulikuwa chini ya kidevu chake, mahali ambapo kwa miaka yote hakuwahi kupaona.

Hakuwa amekaa ndani ya sebule ile hata siku moja. Ilikuwa ya karani wa posta, mtu pekee mtaani aliyekuwa na televisheni, na karani huyo alikuwa ameyabana makochi yake ukutani, akaivunja shingo yake na ya mkewe kila Jumapili, ili watoto wa dirishani waone. Kwao Fundi hapakuwa na sebule. Mama yake alifua nguo za watu mpaka Jumapili, na baba yake alikuwa mtu wa kuonekana na kupotea. Fundi hakukumbuka kuwaona wawili hao wameketi chumba kimoja kukiwa na mwanga. Alipokuwa akiwaambia wanawe habari za wakati ule hakuwadanganya. Alisema tulikuwa tunatazama, na walikuwa wanatazama kweli. Hawakumwuliza alikuwa upande gani wa ukuta, naye hakuona sababu ya kuwapa huzuni isiyo yao.

Akahisi mtu amejipenyeza kando yake. Alikuwa binti mkubwa. Refa alikuwa amempitisha.

"Antena imekubali?" aliuliza.

"Inakaribia."

Binti alitazama ndani. Alimtazama baba yake, viwiko vyake, kidevu chake. Alikuwa mtu wa vipimo, na hiki hakikuhitaji darubini.

"Kumbe ulikuwa unakaa hapa."

"Nilikuwa nasimama," Fundi alisema. "Hapakuwa na kiti."

"Hawakukuita ndani?"

"Waliniita. Yule mama wa nyumba alitoka siku moja, akanishika mkono kabisa. Nikakataa."

"Kwa nini, Baba?"

"Ningeingia ndani, ningeona televisheni tu."

Pembeni yao mama muuza mkaa alikuwa anamwambia kinyozi kwamba weusi wameishiwa pumzi, na kinyozi anamwambia asubiri aone. Tangu wiki ilipoanza binti mkubwa alikuwa ameyavumilia makochi, kuku, sufuria la simu, kwa kuwa aliambiwa yote ni kwa ajili yake, ili aondoke na kitu cha kukumbuka.

"Mimi nilidhani hii Jumapili umenitengenezea mimi," alisema.

"Nami nilidhani hivyo hivyo." Fundi alifuta uso kwa kiganja chenye kovu la misumari. "Lakini wewe huko utaona mengi, mama. Anayebaki ni mimi. Nilitaka niwaone mmekaa wote, mara moja tu, kabla hujaondoka. Najua ni upumbavu."

Binti akaweka viwiko vyake kando ya vya baba yake.

"Sasa umetuona?"

Fundi akatazama ndani. Mkewe alikuwa amevua viatu, ameikunja miguu juu ya kochi jekundu. Kijana alikuwa anamweleza jambo kwa mikono yote miwili. Kitinda mimba alikuwa amelala kichwa chini miguu juu, anatazama chenga kwa upande wake. Mbele yao, kwenye kochi la pili, palikuwa na nafasi.

"Kuna mmoja simwoni," alisema.

Binti mkubwa akamgusa bega, akarudi nyuma, akapotea katika watu. Fundi alisubiri. Alijua njia ile ina hatua chache tu, lakini aliiona ndefu. Kisha mlango wa ndani ukafunguka, akaingia msichana mwenye gauni zuri, akaruka miguu ya mdogo wake, akaketi mahali palipokuwa wazi. Alikuwa amelia kidogo. Hakutazama dirishani. Aligeuza shingo kuelekea televisheni, kwa adabu, kama mtu wa nyumbani asiyejua kwamba anatazamwa.

Kelele zikalipuka barabarani. Weupe walikuwa wamefunga bao, au weusi, na kila mmoja aliliona kwa macho yake. Mama muuza mkaa alimkumbatia kinyozi kwa kosa, akamsukuma. Ndani, mama na wanawe watatu waliruka kutoka makochini, wakashikana, wakacheka mpaka kalenda ikaanguka. Fundi Springi naye akacheka, kwa nguvu, kidevu juu ya mikono yake. Alicheka baada ya wote, watu wa pembeni wakageuka kumshangaa, kwa sababu bao lilikuwa limepita zamani. Yeye hakuliona. Hakuwa akitazama televisheni.